Saa ya Mkufunzi Isiyokuwa na Alama

Nikisikia mtu anasema kwamba Mkufunzi alikuwa akipoteza muda wa wanafunzi, damu inanichemka, na safari hii nimeamua nisinyamaze. Neno hilo nimelisikia kwenye vikao vya wakufunzi, nimelisikia kantini, nimelisikia hata msibani, tena kutoka kwa mtu aliyekaribishwa mara nyingi mezani kwake. Wengi wanaolisema hawakuwahi kuketi darasani kwake hata kipindi kimoja. Mimi niliketi miaka yangu yote ya stashahada, na sasa nafundisha katika chuo hicho hicho, hapa Bukoba, katika jengo lile lile lenye madirisha yasiyofunga. Kwa hiyo nasema ninachokijua.

Jina lake silitaji. Hata tulipokuwa wanafunzi hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mkufunzi, basi, kana kwamba wale wengine waliokuwa wakitufundisha walikuwa wapita njia tu. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya, raba nyeupe ambazo sikuwahi kuziona na tope, na mwavuli mweusi aliotembea nao hata jua likiwaka, maana mvua ya Bukoba haina miadi na mtu. Salamu yake ilikuwa fupi. Ukimwamkia alikuitikia huku tayari anakuuliza jambo jingine, na hilo jingine ndilo lililotufanya wengi wetu tupite nyuma ya jengo la maktaba tukimwona kwa mbali.

Swali lake lilikuwa moja: "Hiyo umeiacha wapi?" Mtu anajibu vizuri kabisa swali la lishe, anataja vyakula vya kumjenga mtoto, halafu Mkufunzi anamtazama. "Nyumbani kwenu Nshambya mdogo wako anakula nini asubuhi?" Chai ya rangi, Mkufunzi. "Na haya uliyoyasema sasa hivi umeyaacha wapi?" Hapo mtu anababaika. Mkufunzi alikuwa na hakika, na alisema waziwazi mbele ya wakufunzi wenzake, kwamba chuo chetu kinawafundisha vijana kuacha akili mlangoni kila wanapobadilisha chumba. Wakiingia chumba cha uhasibu wanaacha kilimo nje. Wakiingia kilimo wanaacha afya. Wakipanda gari kwenda kwao Muleba wanaacha vyote stendi.

Wenzake hawakupenda kuambiwa hivyo, na sishangai. Mkufunzi wa uhasibu aliwahi kumwona anaingia darasani kwake katikati ya kipindi, anaketi nyuma na mwavuli wake, kisha ananyoosha kidole kama mwanafunzi na kuuliza faida na hasara za mama anayeuza kahawa mbichi ikiwa bado mtini kwa sababu mtoto anaumwa. Mwenzake alimjibu kwamba mfano huo haumo kitabuni. "Mama yumo sokoni," alisema Mkufunzi, akainuka, akatoka. Ilikuwa utovu wa adabu, sitamtetea. Lakini hadi leo nikieleza hasara darasani naanza na yule mama wa kahawa, na wanafunzi wanaelewa mara moja.

Saa yenyewe ilikuwa ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wakati watu wote wenye akili timamu wanasinzia. Haikuwamo kwenye ratiba. Haikuwa na mtihani wala alama. Tuliingia ukumbini tukiwa na madaftari ya masomo yote, si la somo moja, na katikati paliwekwa meza yenye kitu kimoja alicholeta mwanafunzi kutoka kwao. Kila aliyesimama alipaswa kukizungumzia kitu hicho kwa masomo yasiyopungua mawili na kwa jambo moja aliloliona kwa macho yake mwenyewe. Ukisema "kitabu kinasema" unakaa chini. Ukisema "kwetu tunafanya hivi" bila kueleza kwa nini, unakaa chini vilevile.

Mwenzetu mmoja, Hawa, mtoto wa fundi cherehani wa mjini, mmoja wa wale Waislamu wa Bukoba ambao babu zao walitoka pwani wakaoa hapa, alileta dagaa. Shangazi yake aliwaanika mchangani kule ufukweni. Tulicheka kwanza, maana ukumbi mzima ulinuka. Baada ya nusu saa hakuna aliyecheka tena. Tulikuwa tumetoka kwenye hali ya hewa tukaingia kwenye bei, kutoka kwenye bei tukaingia kwenye mchanga unaoumiza meno na tumbo la mtoto, na Hawa, msichana aliyekuwa akikaa kimya masomo yote, akasimama akatuchorea ubaoni chanja cha kuanikia. Shangazi yake alikijenga. Sijui alipata faida kiasi gani. Ninachojua ni kwamba Hawa hakurudi tena kuwa kimya.

Mkufunzi alikuwa na ukali ambao mwingine haukuwa wa haki. Alimsema kijana mmoja mbele ya wote mpaka akatokwa na machozi, kosa lake likiwa kusoma maneno ya mwenzake. Hakumwomba radhi. Wiki iliyofuata alimwekea kiti mbele, karibu na meza, na kwa Mkufunzi huko ndiko kulikuwa kuomba radhi. Mimi nilikasirika kwa niaba ya yule kijana, na sijamaliza kukasirika. Mtu mzima anajua kusema samahani. Hata ahsante ilikuwa inamkwama kooni.

Na alikuwa na mambo yake ya ajabu. Yeye aliyetulazimisha kuchanganya kila kitu hakuvumilia ndizi na maharage katika sufuria moja. Hapa Bukoba, ambako chakula ni hicho, ndizi zikaiva pamoja na maharage mpaka ziwe kitu kimoja, yeye alipika sufuria mbili, na kwenye sahani akaacha njia katikati. Hawa alimuuliza siku moja tulipoalikwa kwake, "Mkufunzi, mbona hapa huunganishi?"

"Tumboni vitakutana," alisema, akaendelea kula.

Habari za nyumbani kwake pia hazikuwa za kuuliza. Sisi tulitakiwa kuleta mama zetu, mashangazi zetu na vibanja vyetu vya migomba ukumbini, lakini yeye hakuleta kitu. Tulijua ana mume kwa sababu tulimwona kanisani, mzee mrefu mpole aliyekaa upande wa besi kwenye kwaya. Tulijua baadaye kwamba alifariki kwa sababu chuo kilitangaza. Mkufunzi alirudi kazini akiwa na kitambaa cheusi kichwani, akaingia ukumbini Alhamisi, akauliza nani ameleta kitu.

Sasa niseme jambo la mapanga, maana ndilo linalonifanya nisilale kila nikisikia maneno ya kupoteza muda.

Tulikuwa tumetoka kufanya mtihani wa afya ya mimea. Lilikuwamo swali la mnyauko wa migomba, ule ugonjwa unaofanya mgomba unyauke ukiwa umesimama na ndizi ziive kabla ya wakati huku ndani zimeoza. Unaeneaje? Darasa zima liliandika sawasawa: kwa wadudu, kwa miche iliyoambukizwa, kwa vifaa vya kukatia. Tulifaulu wengi. Siku chache baadaye baba wa mwenzetu Godwin akafariki kule kwao Muleba, na darasa likaenda kuzika. Mimi nilikuwa kitandani na malaria, lakini ningekwenda ningefanya kama wenzangu. Kwetu msiba unajulikana. Jembe linawekwa chini kijiji kizima, hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe. Akina mama wanaleta chakula, na vijana wanapewa mapanga wakakate majani ya migomba ya kuketia na ya kufunikia chakula, na mikungu ya kulisha watu. Hawakati kibanja kimoja wakakimaliza. Wanapita nyumba kwa nyumba, kila jirani anatoa kidogo, na panga ni lile lile.

Alhamisi waliporudi, Mkufunzi hakusubiri mtu alete kitu. Aliweka panga mezani.

"Godwin, pole mwanangu," alisema. "Wewe usijibu leo. Nauliza hawa. Mlikata majani kwenye vibanja vingapi?"

Wakatazamana. Vingi, Mkufunzi.

"Mtihani wa mnyauko mlipata ngapi?"

Tumefaulu wengi, Mkufunzi.

"Panga mlilisafisha wapi kati ya nyumba na nyumba?"

Godwin ndiye aliyeelewa wa kwanza, kwa sababu kibanja cha mama yake kilikuwa miongoni mwa vile vya mwisho kukatwa. Alishika kichwa. Mkufunzi hakupaza sauti siku ile. Alisema kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa mjinga na hakuna aliyekuwa mbaya. Tulikuwa tumeweka ugonjwa katika daftari moja na msiba katika moyo, na hakuna mkufunzi hata mmoja, akajitaja na yeye, aliyetuambia kwamba vitu hivyo vinakutana kwenye makali ya panga.

Mnyauko uliingia kijijini kwa akina Godwin msimu ule. Kama uliletwa na mapanga ya msiba au ulikuwapo tayari, hatujui, na hatutajua. Mama yake, mjane mbichi, aling'oa migomba aliyoikuta akiolewa. Mtu ambaye hajakaa kwenye kibanja hawezi kuelewa kung'oa huko. Kibanja ndicho chakula, kivuli, ua na heshima ya nyumba, na mababu wamezikwa humo. Nilikwenda kumsalimia, nikakuta udongo mtupu mpaka kwenye ukuta wa jiko, na nilipandwa na hasira ambayo haijashuka.

Godwin na wenzake walirudi na jambo hilo mezani Alhamisi tatu mfululizo. Waliliunganisha na afya ya mimea, na somo la mila na jamii, na somo la mawasiliano, maana huwezi kwenda msibani ukawahutubia wafiwa kama uko kwenye semina. Mwishowe Godwin mwenyewe aliwafuata wazee wa ukoo wake. Hakupeleka dawa wala kipeperushi. Aliwaambia kwamba msibani moto huwaka muda wote, basi panga lipite motoni kila linapotoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine, na awekwe mtu wa kulisimamia. Mzee mmoja alimuuliza, "Waitu, mtoto wetu, sasa moto wa msiba tuufanye wa kazi?" Godwin akajibu kwamba ni wa kazi tangu zamani, unapika. Wazee wakashauriana, wakakubali. Katika kijiji hicho hadi leo kwenye msiba kuna mtu wa mapanga. Watoto wanadhani ni mila ya tangu enzi.

Hayo yalitoka katika saa isiyokuwa na alama. Mwaka uliofuata saa hiyo ikafutwa.

Walikuja wakaguzi. Waliomba andalio la somo, Mkufunzi akawaambia somo linaletwa na wanafunzi. Waliomba matokeo ya mtihani, akawaambia hakuna mtihani. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na fomu yenye visanduku na saa yake haikuwa na kisanduku. Wabaya walikuwa wetu. Kwenye kikao kilichofuata hakuna mkufunzi mwenzake aliyefungua mdomo kumtetea, na yule wa uhasibu akapendekeza muda huo utumike kwa marudio ya mitihani. Ikapita. Mkufunzi aliuliza swali moja tu: "Mtarudia nini?" Alifundisha somo lake rasmi mpaka alipostaafu, na alipostaafu hakufanyiwa hata hafla ya soda.

Sasa basi. Mwaka huu chuo kimepata mtaalamu mwelekezi kutoka Dar es Salaam, kijana nadhifu mwenye kompyuta nyembamba, akatuambia kwamba shida ya wahitimu wetu ni kutoweza kuunganisha wanachojifunza katika masomo mbalimbali na maisha yao. Nilidhani naota. Ameandaa somo jipya kabisa, lina mwongozo, lina slaidi, na lina mtihani. Mkuu wa Chuo akasimama akasema kwamba jambo la namna hii halijawahi kufanyika chuoni kwetu. Watu wakapiga makofi. Miongoni mwa waliopiga makofi walikuwamo wawili waliokuwapo siku ile saa ya Alhamisi ilipouawa. Na mimi, kwa sababu nasemekana nina moyo na mambo hayo, nikateuliwa kulifundisha na kulisahihisha.

Nilichukua mwongozo na karatasi ya mtihani wa majaribio nikapanda bodaboda mpaka Nshambya, nyumbani kwa Mkufunzi.

Nilimkuta amekaa barazani akichambua maharage. Amekonda, na macho hayamsaidii sana. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza nimeacha wapi mvua, maana nilikuwa nimelowa upande mmoja. Nikaanza kumwaga hasira zangu zote. Nilimweleza kuhusu mtaalamu, slaidi, makofi, na jinsi jina lake lisivyotajwa na mtu yeyote. Nilitegemea akasirike pamoja nami. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na maharage.

"Mtihani unauliza nini?"

Nikamsomea swali la kwanza. Taja faida tano za kuunganisha maarifa ya masomo na maisha. Alama kumi.

Alicheka hadi akaweka ungo chini. Kisha kicheko kikakatika.

"Andika," aliniambia. "Mimi sioni vizuri. Andika jibu langu."

Nikatoa kalamu. Alisema polepole, kama mtu anayetoa imla.

"Mume wangu alikuwa na kisukari. Alhamisi moja binti wa kozi ya afya alituletea soksi ya babu yake. Alieleza kwamba mwenye kisukari miguu hufa ganzi, hasikii moto wala mwiba, kwa hiyo miguu yake itazamwe kila siku na asiloweshwe maji ya moto. Aliunganisha vizuri sana. Nikawaambia wenzake wampigie makofi. Jioni nikarudi nyumbani. Mzee alikuwa anachechemea, akasema viatu vimembana. Nikamchemshia maji kama mama yangu alivyokuwa akimchemshia baba, nikamwambia aloweke. Alisema hayana moto. Nikaongeza."

Kalamu yangu ilisimama.

"Andika. Nikaongeza. Walimkata mguu, halafu akafariki. Ile Alhamisi niliyorudi kazini mkaniona nauliza nani ameleta kitu, nilikuwa najiuliza mwenyewe. Faida yake ni hiyo. Weka nukta."

Niliweka nukta. Nilitaka kusema pole, nikaona neno lenyewe ni dogo mno.

"Sasa sahihisha," alisema. "Kwa mwongozo wao."

Nilimwambia siwezi. Akaniambia kwamba hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Nikafungua mwongozo. Mtahiniwa ataje hoja tano, kila hoja alama mbili, kwa maneno yaliyomo katika moduli ya kwanza. Nilisoma jibu lake mara ya pili nikitafuta mahali pa kumpa hata alama moja ya huruma.

"Nimepata ngapi?"

"Sifuri, Mkufunzi."

"Iandike."

Niliiandika kwa wino mwekundu. Niliichora kwa hasira, na duara halikufunga. Alichukua karatasi, akaipapasa kwa vidole, akanirudishia, akaniambia niwahi kabla mvua haijarudi.

Jumatatu niliiweka karatasi ile mezani kwa Mkuu wa Chuo bila kumwambia ni ya nani. Aliisoma yote, nakiri. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Inasikitisha," alisema. "Lakini huyu hakusoma mwongozo. Arudie somo."

Nikamwambia ni nani. Akasema kwamba hata hivyo utaratibu ni utaratibu, na kwamba tusichanganye mambo.

Nilimwachia mwongozo wake pale pale mezani. Alhamisi hii, baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wangu wataingia ukumbini na madaftari yao yote, na nimewaambia waje na kitu kutoka kwao. Hakutakuwa na alama. Anayetaka kuja kunitoa anajua ukumbi uliko.